Adabu ya Kufufua Mjadala wa Kale: Funzo la Mifupa ya Ruhuhu

Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ina hekima kubwa katika maisha ya jamaa na majirani, kwani mtu anayechimbua ugomvi uliokwisha kusuluhishwa huleta hasara kuliko faida. Katika sayansi, hata hivyo, mambo hayawi hivyo kila mara. Swali lililoachwa bila jibu haliponi kwa kunyamaziwa. Hukaa maktabani na katika makabati ya makumbusho, pengine kwa miaka 50 au 80, hadi atokee mtu wa kuliamsha. Namna anavyoliamsha ndiyo inayoamua kama elimu itasonga mbele, au kama watu watapoteza wakati wao wakirudia yaliyokwisha semwa.

Mkoa wa Ruvuma unao mfano ambao yafaa kila mwalimu na mwanafunzi wa sayansi aufahamu. Magharibi ya mji wa Songea, katika bonde la mto Ruhuhu, yamo mabaki ya wanyama walioishi kabla dinosauri hawajaenea duniani. Mjadala juu ya wanyama hao ulianza katika miaka ya 1930, ukalala kwa muda mrefu, kisha ukafufuliwa na kuleta matokeo yaliyobadili vitabu. Waliouamsha walifanya hivyo kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe ya sayansi.

MIAMBA YENYE JINA LA SONGEA

Mto Ruhuhu humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Bonde lake ni la kale sana. Hapo zamani ardhi ilibonyea, na kwa mamilioni ya miaka mito ikalijaza bonde hilo kwa mchanga, tope na mabaki ya mimea. Vitu hivyo viligandamizwa vikawa miamba. Wataalamu wa jiolojia wameyaita matabaka yote hayo kwa pamoja Kundi la Songea, na jina hilo linasomwa leo katika vitabu vya jiolojia vya nchi nyingi.

Katika matabaka ya chini ya kundi hilo yamo makaa ya mawe, yakiwemo yale ya Ngaka wilayani Mbinga. Juu kabisa liko tabaka la Manda, lenye miamba ya mchanga na ya tope. Humo ndimo vinamopatikana visukuku vinavyohusika na makala haya, yaani mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Miamba ya aina hiyo na ya nyakati hizo ipo pia Zambia, Afrika Kusini, India na hata Antaktika, kwa sababu katika zama hizo nchi hizo zote zilikuwa bado zimeungana.

Wengi wamesikia habari za Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi, ambako wataalamu wa Kijerumani walichimbua mifupa ya dinosauri wakubwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Wanyama wa Tendaguru waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wale wa tabaka la Manda hukadiriwa kuwa waliishi yapata miaka milioni 245 iliyopita. Kwa makadirio hayo, kati ya makundi haya mawili upo muda wa miaka milioni 95. Kwa hiyo basi, Tendaguru hutuonyesha dinosauri walipokuwa wamestawi, na Ruhuhu hutuonyesha jamaa waliowatangulia.

JINSI MJADALA ULIVYOANZA NA KULALA

Mifupa ya Ruhuhu iliingia katika maandishi ya sayansi kwa sababu ya makaa ya mawe. G. M. Stockley, mtaalamu wa miamba wa serikali ya Tanganyika wakati wa ukoloni wa Waingereza, alipokuwa akipima matabaka ya makaa aliokota visukuku. Sidney Haughton wa Afrika Kusini akavieleza katika makala ya mwaka 1932. Mnyama mmoja, mtambaazi mla mimea, alipewa jina la Stenaulorhynchus stockleyi kwa heshima ya aliyemwokota.

Mwaka 1933 alifika F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Alikusanya mifupa mingi akaipeleka Uingereza. Baadaye mwanafunzi wake, Alan Charig, aliichunguza sehemu ya mifupa hiyo kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya udaktari, akaikamilisha mwaka 1956. Ndani ya tasnifu hiyo Charig aliwapa baadhi ya wanyama majina mapya. Mmoja alimwita Mandasuchus, yaani mamba wa Manda. Mwingine alimwita Teleocrater, jina la Kigiriki lenye maana ya bakuli lililokamilika, kwa kuwa kikombe cha nyonga yake, mahali ambapo mfupa wa paja hushikana na kiuno, hakikuwa na tundu kama kilivyo cha dinosauri. Mwaka 1963 Charig mwenyewe alikuja Tanganyika na Zambia, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na msafara wa wataalamu kutoka Uingereza, nao wakakusanya mifupa zaidi.

Hapo ndipo jambo lilipokwama. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, jina halihesabiki mpaka litangazwe katika maandishi yaliyochapwa kwa ajili ya watu wote, pamoja na maelezo ya mnyama na kutajwa kwa mfupa uliotumika kumweleza. Tasnifu inayokaa katika maktaba ya chuo haitimizi sharti hilo. Charig aliendelea na kazi nyingine nyingi katika jumba la makumbusho mjini London, akafariki mwaka 1997 kabla ya kuchapa maelezo kamili ya wanyama hao.

Jina la namna hiyo wataalamu huliita jina tupu. Hata hivyo jina la Mandasuchus lilitajwa kwa miaka mingi katika mijadala juu ya asili ya mamba na dinosauri. Madhara yake si madogo. Mtu akisema kwamba mnyama fulani anathibitisha jambo fulani, msomaji ana haki ya kuuliza: mfupa gani, uko wapi, na umeelezwa na nani? Kwa jina tupu, swali hilo halina jibu la wazi. Jina hubaki kama namba ya nyumba ambayo nyumba yenyewe haionekani. Mjadala haukuweza kwenda mbele wala kufungwa.

MIFUPA MIPYA, SWALI LA ZAMANI

Kuanzia mwaka 2007 wataalamu kutoka Marekani, Afrika Kusini na Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walirudi katika bonde la Ruhuhu. Matokeo ya safari hizo yalifuatana.

Mwaka 2010 alitangazwa mnyama mwenye jina la Asilisaurus kongwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuelewa maneno asili na kongwe. Alikuwa jamaa wa karibu wa dinosauri, na mabaki ya wanyama wasiopungua 14 yalipatikana pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 2012 ilitolewa makala juu ya Nyasasaurus parringtoni. Mnyama huyu hakutoka katika machimbo mapya. Mifupa yake ilikuwa imekaa makumbushoni kwa karibu miaka 80. Baadhi iliokotwa na Parrington katika miaka ya 1930 na kuwekwa London. Mingine, ambayo ni pingili za uti wa mgongo, ilikuwa Cape Town, nayo ilikwisha kuelezwa na Haughton mwaka 1932 kwa jina jingine. Wachunguzi walikata kipande chembamba cha mfupa wa juu wa mkono wakakitazama kwa hadubini, wakaona dalili za mfupa uliokua upesi, kama ilivyo kwa dinosauri. Aidha, ukingo wa mfupa huo, mahali misuli ya kifua ilipojishika, ulikuwa mrefu kupita asilimia 30 ya urefu wa mfupa wote, jambo ambalo pia ni la dinosauri. Hata hivyo hawakutangaza kwa kelele kuwa wamempata dinosauri wa kwanza. Waliandika kwamba huyu ama ni dinosauri wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa aliye karibu nao kabisa.

Mwaka 2014 alifuata Nundasuchus songeaensis. Nunda ni yule mnyama mkali wa hadithi za pwani, na neno la pili linautaja mji wa Songea. Mifupa yake ilikuwa imevunjika vipande zaidi ya 1,000, ikabidi iunganishwe kwa subira.

Kisha likaja suala la Teleocrater. Mifupa ya mwaka 1933 ilikuwa na upungufu mkubwa, kwa kuwa baadhi ya mifupa ya kifundo cha mguu haikuwamo. Upungufu huo ulikuwa na maana, kwani wataalamu huwagawa watambaazi wakuu wa zama hizo katika koo mbili. Ukoo mmoja ulizaa mamba, na mwingine ulizaa dinosauri na ndege. Kwa muda mrefu kifundo cha mguu kilikuwa mojawapo ya alama za kuzitenga koo hizo. Mamba wana kifundo chenye mifupa miwili inayozungukana, na ndege wana kifundo kinachokunjika kama bawaba ya mlango.

Mwaka 2015 mifupa ya mnyama huyo huyo, ya zaidi ya mmoja, ilipatikana katika bonde la Ruhuhu, na safari hii mifupa ya kifundo ilikuwamo. Makala iliyochapwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba Teleocrater ni wa ukoo wa ndege na dinosauri, lakini kifundo chake kinafanana na cha mamba. Alitembea kwa miguu minne, alikula nyama, na urefu wake ulikuwa kati ya mita 2 na 3. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba wanyama wa mwanzo wa ukoo huo walikuwa wadogo, wepesi, wakikimbia kwa miguu miwili. Dhana hiyo ilibidi irekebishwe. Mwaka uliofuata, yaani 2018, Mandasuchus naye alipata maelezo kamili yaliyochapwa, miaka 62 baada ya tasnifu ya Charig.

ADABU ILIYOFUATWA

Mgeni afikapo barazani hupiga hodi, husalimu, kisha husikiliza mazungumzo yamefika wapi kabla ya kutoa lake. Waliofufua mjadala wa Ruhuhu walifanya kama mgeni huyo, na mambo manne yafaa yaangaliwe kwa makini.

Jambo la kwanza ni kusoma yaliyosemwa. Wachunguzi walirudi kwenye makala ya mwaka 1932, tasnifu ya mwaka 1956 na mifupa yenyewe katika makabati ya London na Cape Town. Bila kufanya hivyo wasingaliweza kujua kwamba pingili za Cape Town na mfupa wa mkono wa London huenda ni za mnyama wa aina moja. Mtu asiyesoma ya zamani aweza kutangaza kwa fahari jambo ambalo mwenzake alikwisha liandika miaka 80 iliyopita.

Jambo la pili ni kuja na kitu kipya. Kwa Nyasasaurus kitu kipya kilikuwa kipande kilichotazamwa kwa hadubini. Kwa Teleocrater kilikuwa kifundo cha mguu. Kama wangalirudi na maoni tu, mjadala ungalikuwa kelele. Ushahidi mpya ndio hati inayompa mtu ruhusa ya kulifungua jalada la zamani.

Jambo la tatu ni kuwataja waliotangulia. Hapa yafaa kutofautisha sheria na adabu. Kwa kuwa majina ya Charig yalikuwa majina tupu, kanuni hazikumzuia mtu yeyote kuyaacha na kubuni mengine. Wachunguzi hawakufanya hivyo. Waliyahifadhi majina ya Mandasuchus, Teleocrater na Nyasasaurus kama yalivyotoka kwake. Wakaliweka jina la Parrington katika sehemu ya pili ya jina la Nyasasaurus. Zaidi ya hayo, katika makala ya Nyasasaurus, ya Teleocrater na ya Mandasuchus, jina la Alan Charig limeandikwa pamoja na waandishi wengine, ingawa alikwisha kufariki miaka mingi kabla.

Tendo hilo la mwisho laweza kujadiliwa kwa pande mbili. Upande mmoja husema ni haki, kwani sehemu ya maelezo na fikra ni yake, na kumwacha nje kungekuwa kumnyang'anya jasho lake. Upande wa pili huuliza kama marehemu aweza kukubali au kukataa hoja inayotolewa kwa jina lake, hasa pale hoja inapotegemea mifupa ambayo hakuiona maishani. Pande zote mbili zina uzito. Ambalo halina shaka ni kwamba msomaji wa makala hizo anajua wazi kwamba kazi haikuanza juzi.

Jambo la nne ni kuacha mlango wazi kwa watakaofuata. Kila mfupa uliotumika una namba na mahali unapotunzwa. Mifupa ya Asilisaurus na ya Nundasuchus iliyotumika kuwapa wanyama hao majina ina namba zinazoanza kwa herufi NMT RB. Herufi za mwanzo humaanisha Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, na zile RB humaanisha bonde la Ruhuhu. Mtu asiyekubaliana na yaliyoandikwa aweza kuomba kuiona mifupa hiyo na kuipima upya.

MLANGO ULIOFUNGWA NA MLANGO ULIOSUKUMWA TU

Je, kila swali la kale lafaa kufufuliwa? Historia yaonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena maandishi ya watu waliodai wamevumbua mashine inayojiendesha milele bila nguvu kutoka nje, wala ya wale waliodai wamepata njia ya kuchora, kwa rula na bikari peke yake, mraba wenye eneo sawa na la duara. Maandishi hayo yalikuwa mengi, na hayakuleta lolote jipya. Kuhusu duara, Ferdinand von Lindemann wa Ujerumani alithibitisha mwaka 1882 kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa. Anayelirudia leo bila kuonyesha kosa katika uthibitisho huo hafufui mjadala. Anapoteza wakati wa watu tu.

Kuna mlango mwingine unaofanana na ule uliofungwa, kumbe umesukumwa tu. Mwaka 1912 Alfred Wegener wa Ujerumani alisema kwamba mabara yalikuwa yameungana, kisha yakaachana. Wengi walimkataa, hasa kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma mabara. Alifariki katika barafu ya Greenland mwaka 1930. Alexander du Toit wa Afrika Kusini, aliyeijua vizuri miamba ya kusini mwa Afrika, aliuendeleza mjadala katika kitabu cha mwaka 1937, akakitoa kwa kumbukumbu ya Wegener. Katika miaka ya 1960 uchunguzi wa sakafu ya bahari ulileta ushahidi uliokosekana, na fikra ya Wegener, ikiwa imerekebishwa, ikawa msingi wa jiolojia ya leo. Visukuku vya miamba ya jamii ya ile ya Ruhuhu vilikuwa miongoni mwa mashahidi, kwa kuwa wanyama wa nchi kavu wa aina moja walipatikana katika mabara ambayo leo yametengwa na bahari.

Tofauti ya milango hiyo miwili ni rahisi kuikumbuka. Mlango wa kwanza ulifungwa na uthibitisho. Wa pili ulisukumwa na upungufu wa ushahidi. Uthibitisho hauondolewi kwa hamu ya mtu, lakini upungufu wa ushahidi waweza kujazwa siku yoyote.

MWANAFUNZI ALIYEULIZA UPYA

Vijana wa shule wasidhani kwamba kazi hii ni ya maprofesa peke yao. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka katika jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akachekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimwuliza swali hilo hilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne hakulipuuza. Jaribio lilifanywa, na mwaka 1969 wawili hao walichapa makala katika jarida la kufundishia fizikia.

Bila kujua, Mpemba alikuwa amefufua mjadala wa kale sana. Aristotle wa Ugiriki, na baadaye Francis Bacon na René Descartes, walikwisha kuandika juu ya maji ya moto na kuganda. Kilichomtenga Mpemba na mtu wa kubahatisha ni kwamba alikuwa na jambo aliloliona kwa macho yake, na jambo hilo liliweza kujaribiwa na mwingine. Mjadala wenyewe haujafungwa. Mwaka 2016 wachunguzi wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo hutokea katika maji. Kuwa na shaka juu ya matokeo ya Mpemba si kumkosea heshima. Kumkosea heshima kungekuwa kumcheka kabla ya kupima.

YALIYOSALIA RUHUHU

Mjadala wa Ruhuhu nao bado unaendelea. Umri wa tabaka la Manda hukadiriwa zaidi kwa kulinganisha visukuku vyake na vya Afrika Kusini na nchi nyingine, na wapo wataalamu wanaosema kwamba huenda tabaka hilo ni changa kuliko ilivyodhaniwa. Ikithibitika hivyo, nafasi ya Nyasasaurus katika historia ya dinosauri italazimika kupimwa tena. Waliomtangaza hawatakuwa wamefedheheka, kwa kuwa waliandika kwa kipimo na wakaonyesha msingi wa hesabu yao.

Lipo pia suala la heshima kwa watu wa bonde lenyewe. Majina ya wanyama yaliyotolewa katika miaka ya 1930 yaliwakumbuka Stockley na Parrington. Wenyeji waliowaonyesha wageni njia na kubeba mizigo hawamo katika majina hayo. Mifupa yenyewe ilikwenda ng'ambo, na mwanafunzi wa Songea aliyetaka kuiona hakuwa na njia. Majina ya Asilisaurus kongwe na Nundasuchus songeaensis, pamoja na herufi NMT RB, ni hatua ya kurekebisha hali hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vya namna hii, na anayeokota mfupa uliogeuka jiwe anapaswa kuuacha mahali pake na kuwapa habari wanaohusika. Mfupa ukiondolewa bila kumbukumbu ya tabaka ulimotoka hupoteza zaidi ya nusu ya ushahidi wake.

Waswahili husema pia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika sayansi, kurudi kwenye asili ya swali ni njia ya kujua ni wapi wengine waliishia, ili nguvu zitumike mbele ya hapo. Anayerudi na ushahidi mkononi na majina ya waliotangulia kinywani hatageuza jambo lililopita kuwa ndwele. Huenda akawa ndiye aliyeleta dawa yake.

KAZI KWA DARASA

1. Chagueni swali moja ambalo wazee au vitabu vya zamani katika wilaya yenu vilijaribu kulijibu, kwa mfano sababu ya chemchemi fulani kukauka. Andikeni kwanza yote yaliyokwisha semwa, na nani aliyasema, kabla ya kutoa maoni yenu.

2. Kwa swali hilo hilo, elezeni ni ushahidi gani mpya mnaoweza kuupata kwa vifaa vya shule. Kama hakuna, elezeni ni kwa nini yafaa kusubiri.

3. Rudieni jaribio la Mpemba kwa maji yenye kiasi sawa katika vyombo vinavyofanana, na mwandike joto kila baada ya dakika 5. Fanyeni hivyo si chini ya mara 10. Je, matokeo yanafanana kila mara? Kama hayafanani, tafuteni ni kitu gani kilichobadilika.

4. Jadilini: Je, ni haki kumwandika marehemu kuwa mmoja wa waandishi wa makala mpya? Kila upande utoe sababu zisizopungua tatu.